Mbeho ya Ipagala

Kwenye paa la nyumba ninayoishi kuna msumari uliolegea ambao naufahamu kuliko ninavyowafahamu baadhi ya shemeji zangu. Kuanzia Julai hadi Oktoba, upepo unaotoka upande wa Nzuguni huvuka viwanja vilivyo wazi bila kukutana na kitu cha kuupunguza. Ukifika kwangu hulinyanyua bati kidogo pale penye msumari, hulishusha, hulinyanyua tena. Ta, ta. Kimya. Ta. Usiku wa kwanza niliamka nikidhani ni mwizi, nikakaa kitandani na rungu mkononi hadi adhana ya alfajiri. Usiku wa pili nikasema ni paka. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimegombana na mke wangu juu ya chumvi ya mchuzi, nimemkaripia mtoto aliyeacha mlango wazi, na kazini nimempa mwenzangu jibu ambalo hadi leo nikimwona kwenye korido natazama simu. Utaniuliza kwa nini siugongelei huo msumari. Nimeugongelea mara nne. Fundi wa mwisho aliniambia msumari hauna kosa, mwenye kosa ni upepo, akachukua hela yake akaenda.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia mahali ambapo upepo ni mgeni anayesubiriwa. Saa kumi alasiri watu hutoa viti nje, mikeka hutandikwa barazani, na mtu akikuuliza unakwenda wapi unaweza kumjibu kwamba unakwenda kupunga upepo, na hilo likawa jibu kamili la mtu mwenye akili zake. Wiki yangu ya kwanza hapa Ipagala, Dodoma, mwezi wa nane, nilimwambia jirani tutoke nje tukapunge upepo. Alinitazama kama mtu aliyealikwa kwenda kupunga moshi.

Nilikuja mwaka 2017, katika lile wimbi la watumishi waliokuwa wakihamishwa na mafaili yao. Uamuzi wenyewe wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa mkongwe. Chama cha TANU kiliupitisha Oktoba 1973, mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA, na mwaka 1976 washauri kutoka Toronto wakakabidhi mpango wa mji mpya. Kisha miaka ikapita. Bunge likawa linakuja na kuondoka kama manyunyu, mpaka Julai 2016 Rais John Magufuli aliposema Serikali inahamia, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia Septemba. Miaka 43! Najua sababu kubwa zilikuwa fedha na siasa. Ila katika mazungumzo ya wenzangu waliokuwa wakifunga masanduku Dar es Salaam sikumsikia hata mmoja akitaja fedha. Walitaja vumbi. Walitaja maji ya chumvi, midomo kupasuka, damu ya pua. Mkubwa wangu mmoja, mtu mzima mwenye shahada mbili, alieleza kwa utulivu kabisa kwamba akili yake haifanyi kazi vizuri mbali na bahari. Wengine walitania kwamba Mirembe, hospitali ambayo jina lake nchi nzima hulitumia kumaanisha wazimu, haikujengwa Dodoma kwa bahati mbaya. Utani wa ovyo huo, na unawaonea wagonjwa. Kwa Waganda, mirembe ni amani.

Mwili nao una haki ya kulalamika. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, mtu huondoka Dar es Salaam na jasho limemshika mgongoni, na kabla hajamaliza kusinzia vizuri anashuka kwenye uwanda ulioinuka mita 1,100 na ushei juu ya bahari, ngozi ikimvutika usoni kama ngoma iliyoanikwa juani. Mvua ya mwaka mzima hapa ni kama milimita 570, karibu nusu ya ile ya Dar es Salaam, na karibu yote inabanana kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Pwani, ule ukanda wa mvua unaolifuata jua hupita mara mbili, ukiteremka kusini na ukirudi kaskazini, ndiyo maana tuna vuli na masika. Huku Dodoma, kwenda na kurudi kwake kunaungana kuwa msimu mmoja tu, na ukishapita, anga hufungwa kama duka la mtu aliyesafiri.

Hata methali zetu hazisafiri vizuri. Dalili ya mvua ni mawingu, tulifundishwa. Njoo Ipagala mwanzoni mwa Novemba uone. Alasiri mawingu hujaa, meusi, mazito, kina mama huanua nguo, watoto huanza kuruka barabarani, na jua likizama upepo huyabeba yote kuelekea Bahi, nyota zikatoka moja baada ya moja kama za kukucheka. Hiyo hutokea kesho yake pia. Kufikia wiki ya pili hakuna anayeanua nguo.

Na mji huu wa vumbi umepewa jina la tope! Wenyeji husimulia habari za tembo aliyeteremka kunywa maji akanasa kwenye matope, na waliomwona wakasema *idodomya*, amezama. Kila Septemba ninapofuta meza kwa mara ya tatu kabla ya saa sita mchana, humkumbuka yule tembo kwa husuda.

Basi mwaka mmoja niliamua kuupeleleza upepo. Nilinunua daftari, na kila nilipogombana na mtu, au nilipokaribia kugombana, niliandika tarehe, saa, na hali ya hewa: upepo, joto, mawingu, vumbi. Nilikuwa na hakika ya nitakachokikuta. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumwambia mke wangu: kwamba si mimi, ni Agosti.

Desemba nikakaa kuhesabu, na upepo ukashinda kesi. Agosti haikuwa mbaya hata kidogo. Novemba, kabla ya mvua, ilikuwa mbaya, hilo halina ubishi, kwani ndio mwezi wa joto kali kuliko yote hapa. Lakini nilipotazama tarehe, magomvi ya Novemba yalikuwa yamejikusanya kwenye siku za mgao, zile siku ambazo simtanki linatoa sauti ya debe tupu na madumu yamepangwa mstari nje ya nyumba ya mwenye kisima. Mwezi ulioniaibisha zaidi ni Januari. Januari Ipagala huwa kijani kama Lushoto. Vyura huimba usiku, hewa imeoshwa, hakuna vumbi wala mlio wa bati. Na Januari hiyo niligombana na kila mtu, hadi na mlinzi wa benki. Kulikuwa na ada za shule.

Sikulitupa daftari kwa sababu lilikuwa na jambo moja nisiloweza kulikwepa. Karibu magomvi yote ya nyumbani yalitokea ndani ya nyumba, kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri, au usiku wa manane. Chini ya miarobaini ya uani, ambako tunakaa na kuchambua mboga na kusemana vilevile, hakukuwa na hata matatu.

Jirani yangu wa upande wa machweo ni mzee wa Kigogo anayelikumbuka eneo hili likiwa mashamba ya uwele na malisho. Mtaa mzima tunamwita babu. Mimi humwamkia *mbukwenyi* kwa lafudhi ya Tanga, na kila siku inamchekesha upya. Siku moja ya Oktoba aliingia sebuleni kwangu saa tisa alasiri, akakaa, akatazama juu kwenye dari la jipsamu, akasikiliza. Bati lilikuwa likitanuka kwa jua, likilia tak, tak, kama mtu anayevunja vidole.

"Mwanangu," akasema, "humu ndani mnaelewana?"

Nikamwambia tunajitahidi.

"Nyumba hii inawachemsha. Na usiku?"

Usiku, nikamwambia, tunajifunika mablanketi mawili.

Akanieleza tembe alimozaliwa. Kuta nene za miti na udongo. Paa bapa, magogo chini, fito juu yake, kisha udongo ulioshindiliwa. Nyumba ya chini, mtu mrefu huinama mlangoni, na vyumba vimeuzunguka ua wa ng'ombe pande zote. Upepo wa kiangazi hupita juu yake kama unavyopita juu ya mgongo wa ng'ombe aliyelala. Jua la mchana hukawia njiani ndani ya ule udongo, na linapofika ndani ni usiku tayari, wakati unapolihitaji, maana usiku wa Julai hapa joto huweza kushuka hadi nyuzi 13. Bati halina subira ya namna hiyo. Saa tano asubuhi limeshakuwa kaango, na saa nne usiku limeshasahau kwamba kulikuwa na jua.

Sitaki nieleweke kwamba nalililia tembe. Lilikuwa na giza na moshi, na ndani ya kuta zake waliishi papasi, wale wanaoleta homa ya kurudirudi. Babu mwenyewe alimzika dada yake kwa homa hiyo. Katika Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 familia za Ugogo zilihamishwa kutoka kwenye kaya zilizotawanyika kwenda vijiji vya ujamaa, na miaka iliyofuata bati likawa cheti cha kwamba mtu ameendelea. Nyumba ya babu leo imeezekwa bati la msauzi, jekundu, na analifuta kwa macho yake kila asubuhi kama gari jipya. Alichonifanya nikione ni kidogo zaidi. Upepo wa Agosti aliouzoea yeye akiwa mtoto na huu unaonikosesha usingizi mimi ni upepo mmoja. Ule haukupata pa kubisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa na mashaka na kila anayeniambia kwamba hewa fulani humfanya mtu kuwa hivi au vile. Wakubwa wa fikra waliyasema hayo tangu zamani. Ibn Khaldun, katika *Mukadima* aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kwamba watu wa nchi za joto ni wachangamfu kwa kuwa joto huitanua roho, kama mtu aliyeingia hamamu akajikuta anaimba. Watu wa Fez, akasema, wamezungukwa na vilima vya baridi, kwa hiyo utawaona wameinamisha nyuso kwa mawazo, na kila mmoja ameweka ngano ya miaka kadhaa. Montesquieu alikwenda mbali zaidi mwaka 1748. Aligandisha ulimi wa kondoo, akaona vinundu vyake vimesinyaa, akahitimisha kwamba watu wa baridi hisia zao zimefifia na nguvu zao ni nyingi, ilhali watu wa joto wamelegea na hutawalika kirahisi. Nusu ya dunia ikahukumiwa kwa ulimi wa kondoo, na hukumu hiyo iliwafaa sana waliokuja baadaye na bendera zao.

Ningependa Ibn Khaldun afike Ugogo. Angekuta jua la kutosha kutanua roho ya mtu yeyote, na chini ya jua hilo angekuta watu wanaohesabu nafaka kwa uangalifu ambao Fez ingeuonea wivu. Mama wa hapa hukausha mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga, huyahifadhi kwa ajili ya miezi ambayo hakuna jani lolote lililobaki mtini. Hajafundishwa na baridi wala joto. Amefundishwa na ghala tupu. Ugogo njaa zina majina, kama watu. Iliyo kubwa katika kumbukumbu ni Mtunya, kinyang'anyiro, ya kuanzia 1917 hadi 1920, na hata hiyo haikushuka kutoka mbinguni peke yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamepita yakichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana ilikuta nyumba zimeshaporwa. Waingereza haohao walirudi Kongwa mwaka 1947 na matrekta ya kulima karanga, wakauacha mradi mwaka 1951 wakiwa wameshinda vichaka na kushindwa na anga. Udongo waliouvunja ukiwa na unyevu uliwarudi kama tofali.

Lakini kisa kinachoninyima usingizi kuliko msumari wangu kinatoka Meatu, kaskazini ya hapa, Usukumani. Mwanauchumi Edward Miguel alikusanya habari za vifo vya vijiji vya huko na kuzilinganisha na mvua, akachapisha alichokikuta mwaka 2005. Katika miaka ambayo mvua ilizidi kupita kiasi au ilikosekana kabisa, mauaji ya watu waliodaiwa kuwa wachawi yaliongezeka mara mbili. Waliouawa karibu wote walikuwa vikongwe wa kike, na mara nyingi waliowaua walikuwa ndugu zao wa nyumba moja. Nilisoma hapo nikafunga kitabu, nikatoka nje, nikarudi. Sehemu iliyofuata ndiyo nzito: mauaji mengine, ya ulevi, ya wivu, ya wizi, hayakuongezeka.

Fikiri. Kama joto ndilo linalochemsha damu, lingechemsha damu yote. Ugomvi wa kilabuni ungeongezeka, wa mipaka ya mashamba ungeongezeka. Hasira iliyokwenda kwa bibi mmoja tu, yule asiyelima na anayekula, ilikuwa imepita kwanza kwenye chungu. Mtu aliangalia debe la mwisho la mtama, akaangalia midomo, akahesabu. Baadaye ndipo macho mekundu ya bibi, mekundu kwa miaka ya moshi wa jikoni, yakapewa maana. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nimeandaa maneno yangu, si mimi, ni Agosti, naona aibu ya pili.

Jambo hilihili niliwahi kuliona ofisini likiwa na sura nyepesi. Februari, karibu kila mwaka, mvua ya hapa hujikata kwa wiki mbili tatu, wakati mahindi yanatoa mbelewele. Sisi tuliotoka pwani hufurahi. Nguo zinakauka, barabara ya udongo inapitika, tunapiga picha za anga la bluu tunawatumia jamaa zetu. Asubuhi moja niliingia kazini nikasema kwa sauti, "Aisee, leo kumependeza!" Mhudumu wetu wa ofisi, mama wa Chamwino mwenye ekari tatu za alizeti na mahindi, alikuwa akipanga vikombe. Hakuinua kichwa. Aliviweka vikombe mezani kimoja kimoja, polepole, kila kimoja kwa mlio wake, na chai siku hiyo haikuwa na sukari. Mimi na yeye tulikuwa chini ya jua moja. Sikumwelewa hadi saa saba, na nilipomwelewa sikujua pa kuanzia kuomba radhi. Mtu anaombaje radhi kwa kulisifu jua?

Jioni moja nilimuuliza babu, upepo kwa Kigogo unaitwaje.

"Mbeho."

Na baridi?

"Mbeho."

Akakaa kimya kidogo, akisokota ncha ya mgolole. Kisha akasema ipo mbeho nyingine, ila hiyo si ya kuzungumzwa huku mtu ana kikombe cha chai mkononi.

Nikaitafuta kwenye vitabu. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyekaa Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameandika juu yake. Neno lenyewe ni la upepo na la baridi, lakini ndilo pia linalobeba hali ya nchi na watu wake mbele ya yale yasiyoonekana. Nchi ikiwa salama, mvua ikanyesha, wanawake wakazaa, ng'ombe wakanenepa, hiyo ni *mbeho swanu*, mbeho njema. Mambo yakiharibika, mvua ikikatika au maradhi yakiingia zizini, ni *mbeho mbi*, mbaya, na haiachwi ipite yenyewe. Kulikuwa na mambo yaliyowahusu wanaume, waganga na mtemi mwenye mawe ya mvua. Lakini ugonjwa wa nchi ukizidi, kazi iliangukia kwa wanawake. Walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha za wanaume, wakaigiza kazi na ukali wao, wakacheza kwa nguvu hadi mpakani mwa nchi, na huko wakaitupa ile mbeho mbaya. Mambo yamepinduka, basi nasi tunajipindua, ili yarudi yalivyokuwa. Nimejaribu kuwapiga picha akilini wakipita hapa Ipagala, katikati ya viwanja vya sasa vyenye uzio na mageti ya chuma, na sijaweza kuamua kama ningefungua geti.

Nilitaka kuandika kwamba fikra hiyo ni ngeni kwangu mtu wa pwani. Kalamu ikasita. Upepo wetu na pepo wetu ni neno moja. Mahali pa raha ya milele tumepaita peponi. Na lile tendo la kutoka alasiri kwenda kupata hewa ya bahari tunaliita kupunga upepo, kwa kitenzi kilekile tunachokitumia kwa mgonjwa aliyeketishwa katikati ya ngoma, amefunikwa ubani, ili kilichompanda kishuke: kupunga pepo. Nimelitamka neno hilo maisha yangu yote kwa maana zote mbili na sikuwahi kuona kwamba ni moja. Nyanya yangu alijua. Alikuwa hatuachii tusimame mlangoni magharibi, akisema upepo wa saa hiyo si mzuri, nasi tukidhani anaogopa mafua.

Tumebaki na vipande. Kikao kikienda vibaya tunasema hali ya hewa imechafuka, na tunasema hivyohivyo kwa jambo jingine ambalo mtu hulifanya kimyakimya ndani ya daladala, nisiloona haja ya kulieleza. Mtu mtulivu amepoa. Kijana akiulizwa mambo, anajibu poa, naye hajui kwamba babu yangu wa Kigogo angemwelewa bila mkalimani, kwani hata kwake ubaridi ndio uzima. Ila katika maneno yetu yote hayo upepo ni mfano tu, pambo la kusemea. Mbeho haikuwa mfano. Hasira ya ndugu wawili na mvua iliyokatika vilikuwa kitu kimoja kilichoonekana mara mbili, na aliyetaka kuirudisha mvua alianza kwa kuuliza nani hasemezani na nani.

Siwezi kuliamini hilo kama babu anavyoliamini. Mvua ya hapa inategemea bahari na jua la mbali, haiwezi kujua kwamba nilimjibu vibaya mwenzangu kwenye korido. Lakini kila nikitaka kulitupa, nakumbuka vumbi. Babu anasema alipokuwa kijana upepo wa Agosti ulikuwepo, tena mkali, ila haukuwa na rangi. Tulioupa rangi ni sisi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179, na kila aliyeongezeka alitaka kiwanja, na kila kiwanja kilianza kwa kung'oa. Greda lilipita likifungua barabara za mitaa, vichaka vya miiba vikakusanywa na kuchomwa, udongo uliofungwa na mizizi miaka yote ukaachwa uchi ukingoja mwezi wa nane. Mimi mwenyewe nilimlipa kijana asafishe kiwanja hadi kikawa cheupe kama kiganja, nikasimama nikakitazama nikaona fahari. Wiki chache baadaye kiwanja hicho kilikuwa kwenye meza ya jirani, kwenye mchuzi wake, na puani mwa mtoto wake. Akaacha kunisalimia. Nikadhani ana tabia mbaya.

Desemba 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuikijanisha Dodoma, na tangu hapo kila mtu amepanda kitu. Ofisi zimepanda miashoki iliyosimama kama askari wa gwaride, isiyo na kivuli hata cha kuku. Wenye busara wamepanda mwarobaini. Mimi nilipanda sita, minne ikafa mwaka wa kwanza kwa maji ya chumvi na uvivu wangu, na miwili iliyobaki ndiyo ninayoitaja kwenye daftari. Yule jirani alianza kunisalimia tena mwaka ambao mmojawapo ulifikisha kivuli upande wake wa ukuta. Sikumuuliza kama mambo hayo mawili yanahusiana.

Mwaka uliofuata ule wa daftari, tulikuwa tukiingoja mvua. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, alasiri, mawingu yamejaa na hakuna aliyeanua nguo. Babu alikuwa amekaa barazani kwangu, na mimi nilikuwa nimejitoa ndani baada ya kubishana na mke wangu juu ya nani aliyemaliza maji ya ndoo. Upepo ukakoma ghafla. Kuku wakaenda bandani wenyewe. Kisha ikaja harufu ya udongo, kutoka mbali, kabla ya tone lolote, na mtu mmoja nyumba ya tatu akapiga kelele ambayo haikuwa neno.

Ilipofika bati lilinguruma kote kwa pamoja, na sikuweza kuusikia tena ule msumari. Mke wangu alitoka na ndoo, na masufuria, na beseni la mtoto, akavipanga chini ya mchirizi bila kunitazama, kisha akanitazama. Maji ya barabarani yakawa rangi ya chai ya maziwa. Watoto wa mtaa mzima walikuwa nje, na jirani yangu, yule mama aliyewahi kuacha kunisalimia kwa miaka miwili, alikuwa amesimama getini amelowa, anacheka peke yake.

Babu akaniinamia akasema jambo. Sikulisikia. Nikaweka mkono sikioni, akarudia, midomo yake ikienda taratibu, na safari hii pia bati likalimeza lote. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaridhika, akarudi kuegemea ukuta, akafumba macho.